Mwaka Tuliokataa Kuapa

Siku tulipomzika shemeji yangu Kilonzo nilikula vizuri. Nilikula wali, nikala nyama, kisha nikampa sahani yangu yule msichana aliyekuwa akipakua na kumwambia aongeze, asiogope. Wanawake wa kanisa letu walikuwa wamekaa nami kwenye benchi, vitambaa vyeupe kichwani, na mmoja wao akaniuliza kwa sauti ya chini kama niko sawa, maana wanajua mimi si mlaji. Nikamwambia niko sawa kabisa. Asubuhi yake mchungaji alikuwa amekuja nyumbani kuniomba niseme maneno mawili matatu juu ya marehemu, kwa sababu katika watu wa rika letu nimebaki karibu peke yangu. Mume wangu Yoeli, mdogo wake Kilonzo, tulishamzika miaka mitatu iliyopita, na Syombua, mjane wa Kilonzo, akili zake zimechoka. Alikuwa akiuliza watu ni harusi ya nani. Nilimwambia mchungaji nitakaa tu na wenzangu. Akanisihi. Nikamwambia, "Mchungaji, ukinipa hicho kipaza sauti nitasema ukweli, na watoto wake watakosa pa kuangalia." Hakurudia ombi lake.

Watu wanatudhania upole ambao hatukuzaliwa nao. Sisi ni Wamenonaiti. Hatubebi silaha, hatulipizi kisasi, na hatuapi, si kwa Biblia wala kwa kitu kingine chochote, kwa sababu tunafundishwa kwamba neno la Mkristo ni ndiyo au hapana na halihitaji fimbo ya kuegemea. Nimewafundisha wasichana wa shule ya Jumapili mambo hayo kwa miaka mingi, na ninayaamini. Lakini upo mwaka mmoja ambao niliyashika mafundisho hayo mkononi kama mtu anavyoshika panga. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Huo ndio mwaka ninaotaka kuueleza, kwa kuwa sasa Kilonzo amefunikwa na hawezi kunijibu, na mimi sitaki kujifanya kwamba jambo hilo linanisikitisha.

Tulikaa upande wa Zombe, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka sokoni, nyumba yetu na ya Kilonzo zikitenganishwa na ua wa manyara ambao kuku walipita watakavyo. Yetu ilikuwa na vyumba viwili vya matofali tuliyochoma wenyewe na jiko la udongo kando. Chumba cha mbele kilikuwa na meza moja, viti vinne, na kitambaa nilichoshona kwa sindano mwaka nilipoolewa. Tulikunja kitambaa kila wakati wa kula kisichafuke, tukala juu ya mbao tupu, kisha tukakitandaza tena ili meza ionekane ya watu wanaojiheshimu. Kanisani tulikuwa nyumba saba tu. Majirani walituita watu wa ndiyo na hapana, wengine kwa heshima, wengine kwa kucheka.

Shamba letu lilikuwa chini, kando ya mto wa mchanga. Baba mkwe aliwagawia wanawe kwa mdomo kabla hajafa: Kilonzo, mkubwa, achukue shamba la juu na zizi, Yoeli achukue la chini. Nilipoolewa la chini lilikuwa mteremko mtupu, mvua ikinyesha udongo wote unakwenda mtoni. Mimi na Yoeli tulilichimba fanya juu kwa misimu minne. Kazi hiyo ni ya kuchimba mtaro kukatiza mteremko na kurusha udongo upande wa juu, ili maji yasimame na kuingia ardhini badala ya kukimbia na shamba lako. Nilirusha udongo nikiwa na mimba ya Danieli, na nikarusha nikiwa na mimba ya Ndinda. Ndinda alikufa na surua, hajatimiza miezi kumi. Tulimzika kwenye ncha ya mtaro wa tatu, mahali ambapo nilikuwa nikimlaza kivulini wakati wa palizi, na Yoeli akabeba mawe ya mtoni akayapanga juu yake. Kila nilipomaliza kulima niliketi hapo nikala kiporo changu cha isyo, mahindi na maharagwe ya jana, kabla sijapanda nyumbani. Sikulia. Nilikula tu, nikiwa karibu naye.

Mapema mwaka ule wapimaji wa ardhi wakafika upande wetu. Kila mtu alitakiwa asimame kwenye mpaka wake, na penye ugomvi kamati ya wazee iamue kabla mnyororo wa kupimia haujavutwa. Hatukuwa na ugomvi, au ndivyo tulivyodhani. Siku chache kabla zamu yetu haijafika nilikwenda kwa Syombua kuomba kaa la moto, mchana, jua likiwa kichwani. Nikapita ule mwanya wa kuku nikiwa na kigae changu mkononi. Karibu na ukuta wa jiko lao nikasikia Kilonzo anacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, nakiri, kicheko cha mtu anayependwa na watu.

"Nitawaambia hiyo shamba baba alimwazima tu," alikuwa akisema. "Mashahidi wote wamekufa. Wazee watasema tuape. Yoeli hawezi kuapa. Kanisa lake limeshanishindia."

"Na yule mke wake?" Syombua akauliza. "Yule si wa kunyamaza."

"Mwanamke haulizwi mambo ya shamba."

Nikasikia mwiko ukigonga sufuria. Kisha Syombua akasema, "Kuna kaburi la mtoto pale."

"Kaburi gani? Ni mawe tu."

Nilirudi bila moto. Tulikula baridi siku ile, na Yoeli alipoketi mezani nilimwambia kila neno nililolisikia. Yoeli alikuwa mtu mrefu, mikono mikubwa, aliyezungumza kama mtu anayepima chumvi. Alitafuna, akameza, akasema atakwenda kuongea na kaka yake. Alikwenda. Kilonzo alimkaribisha, akampa uji, akamwambia maneno ya wanawake yasiwagombanishe watoto wa mama mmoja. Yoeli akarudi akiwa amefarijika. Mimi nilimwangalia mume wangu akivua viatu mlangoni, nikaona kwamba tumeshanyang'anywa.

"Ukiambiwa uape, uape," nikamwambia. "Mara moja tu, Baba Danieli. Mungu ataelewa."

"Mungu ataelewa," akasema. "Mimi mwenyewe je?"

Ikawa vile vile Kilonzo alivyosema jikoni kwake. Walisimama shambani, kwenye mtaro wa pili, wazee watano wa kamati, karani na kitabu chake, na watu wengi waliokuja kuangalia. Sisi wanawake tulikaa ng'ambo, kwenye ukingo wa mto. Kilonzo alieleza jinsi baba yao alivyomwazima Yoeli shamba mpaka atakapopata lake. Yoeli akaeleza ukweli, kwa maneno machache, bila kupaza sauti. Mwenyekiti, mzee ambaye hakuwa mbaya, akakuna kichwa akasema hapa hakuna shahidi, basi kila mmoja aape: anayetaka Biblia ipo, anayetaka kiapo cha zamani kitaletwa. Kilonzo akaishika Biblia kabla mzee hajamaliza. Mtu ambaye sikuwahi kumwona kanisa lolote, aliishika kwa mikono miwili, akafumba macho, akaapa kwa uhai wake. Kisha wakamgeukia Yoeli.

"Nimeshasema," Yoeli akasema. "Shamba ni langu. Baba alinipa. Hayo ndiyo maneno yangu."

"Apa basi."

"Siapi, mzee. Imani yangu hainiruhusu. Lakini sijasema uongo."

Mzee mmoja akacheka kwa pua. Mwenyekiti akambembeleza, kweli alimbembeleza, akamwambia ni neno moja tu, mwanangu, gusa tu kitabu. Yoeli akaweka mikono nyuma. Nilisimama ukingoni nikapiga kelele, "Gusa! Gusa, Baba Danieli!" na wanawake wakanivuta kanga nikae. Hakunitazama. Karani akaandika. Mnyororo ukavutwa, na mitaro yangu yote, wa kwanza mpaka wa saba, ikaingia kwa Kilonzo. Sisi tukapewa kipande cha nyuma, cha changarawe, ambacho hata mbuzi walikidharau.

Wazee wa kanisa walikuja kutusifu. Walikaa kwenye vile viti vinne, wakanywa chai yangu, wakasema Yoeli amesimama imara. Niliwamiminia chai nikitamani ingekuwa ya moto zaidi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza juu ya mtaro wa tatu.

Mvua za Machi zikaja, si nyingi. Kilonzo akapitisha ng'ombe wake wa jembe. Nilikuwa nachota maji kwenye shimo la mchanga mtoni, na kutoka pale niliona vizuri jembe likifika kwenye ncha ya mtaro wa tatu. Nilifikiri atazunguka. Alisimamisha ng'ombe, akainama, akayaokota yale mawe moja moja akayarusha kwenye ukingo, kama mtu anayesafisha shamba lake. Kisha akaendelea. Nilijaza mtungi wangu, nikaubeba, nikapanda nyumbani, na njiani nikamwambia Mungu kwa sauti kwamba safari hii asijisumbue, mimi mwenyewe nitashughulikia.

Alipanda ndengu. Zilikubali sana, maana maji yalisimama katika ile mitaro kama tulivyokusudia. Mwezi wa sita Syombua akamtuma binti yao mkubwa, Mwende, atuletee bakuli la ndengu zilizopikwa na vitunguu na mafuta, kama ilivyo desturi ya jirani aliyevuna. Mwende alikuwa na miaka kumi na tisa, anafundisha watoto wa chekechea, na ndiye peke yake wa nyumba ile aliyesali kwetu. Danieli alimpenda kuliko alivyonipenda mimi. Mwende alikuwa akiniita mama mdogo, na kabla ya mwaka ule mimi ndiye niliyemsuka nywele kila Jumamosi. Aliweka bakuli mezani, macho chini, akasema, "Mama amesema mle." Sikumjibu. Akasimama kidogo, akaondoka.

Yoeli akavuta bakuli karibu, akaomba, akaanza kula.

"Unajua zimetoka wapi," nikasema.

"Najua."

"Zimemea juu ya Ndinda."

Kijiko kikasimama. Halafu akasema, "Chakula hakijakosea, Mama Danieli. Nikikataa chakula cha ndugu yangu, nitaanza kukataa na salamu yake, halafu nitamkataa na yeye." Akala mpaka mwisho, machozi yakimtoka, na mimi nilikaa upande wa pili wa meza nikimchukia kwa kila kijiko. Leo namwelewa mume wangu. Alikuwa akibeba mzigo kwa njia aliyoijua. Lakini siku ile niliona mwanamume anayekula mtoto wake. Nililiosha lile bakuli kwa majivu mara tatu, nikalirudisha kwa Syombua nikasema asante.

Ninaposimulia jambo hili kwa watu wachache ninaowaamini, huniuliza kama niliota kumwua Kilonzo. Sikuota. Kufa ni kupumzika. Nilitaka apoteze kitu anachokitazama kila siku, akipoteze kwa njia halali, mbele ya watu, na asiwe na pa kwenda kulalamika. Nilipepeta mtama nikiwaza, nikafua nikiwaza. Nilimsalimia kila asubuhi kupitia ule ua. "Umeamkaje, shemeji?" Na yeye, "Salama, mke wa ndugu yangu." Aliniona nimepoa. Akaanza hata kunitania tena. Miezi ile nilijifunza kwamba chuki ikitunzwa vizuri haikuchoshi. Inakuamsha mapema, inakufanyia kazi, inakupa adabu.

Mwezi wa nane nafasi ikaja kwangu kwa miguu yake. Mwende alikuwa amechumbiwa na mwalimu mmoja kutoka Makueni, ambaye walijuana katika kozi ya walimu. Kilonzo alilitangaza sokoni, akalitangaza kwenye maziko, akanunua shati jipya kwa ajili ya wageni. Mkwe mwalimu! Alitembea kama mtu aliyefungua shule mwenyewe. Watu wa Makueni walikuwa waumini wakali na hawakuijua Zombe, kwa hiyo kabla ya kuleta chochote walimtuma shangazi wa kijana na mume wake wapite kimya kimya kuuliza habari za nyumba ile. Waliuliza kwa wawili watatu, wakaambiwa: nendeni kwa Mama Danieli, wale hawaapi na hawadanganyi.

Wakaja siku ya Alhamisi, Yoeli akiwa sokoni. Nilitandaza kitambaa changu, nikachemsha chai ya maziwa, nikawapa viazi vitamu. Shangazi alikuwa mama mnene, mwenye macho ya upole, viatu vyake vimejaa vumbi la safari. Tuliongea juu ya mvua za kwao na za kwetu. Kisha akaweka kikombe chini.

"Dada, sisi hatutaki maneno mengi. Tumeambiwa neno lako ni moja. Ungekuwa ni wewe una kijana wa kuoa, ungemruhusu aoe katika nyumba ile?"

Nilisikia kuku nje. Nilijua wanachoniuliza, na nilijua wanachotaka kujua, na kwamba hayo ni mambo mawili. Kama wangeniuliza, "Ungemruhusu aoe msichana yule?" ningesema ndiyo, na ningesema mara kumi. Lakini waliniuliza juu ya nyumba.

"Hapana," nikasema.

Wale watu wakatazamana. Mume akauliza, "Kuna ugonjwa? Kuna uchawi?"

"Mmeniuliza, nimejibu."

"Na msichana mwenyewe?" shangazi akauliza taratibu. "Yeye tabia yake ikoje?"

Hapo ndipo. Ningeweza kusema. Nilikuwa na pumzi, nilikuwa na mdomo. Nilisimama, nikachukua birika, nikawaongezea chai wote wawili mpaka ikagusa ukingo, na sikusema kitu. Wakaelewa kile ambacho mtu yeyote angeelewa. Wakanywa haraka, wakanishukuru kwa kuwa mkweli, wakaniombea baraka mlangoni. Nilikunja kitambaa changu nikakaa peke yangu mezani nikala viazi vilivyobaki, na sijawahi kula viazi vitamu kama vile.

Wiki mbili baadaye nilikuwa natwanga mahindi ya muthokoi, kuyatoa maganda, saa sita mchana, Kilonzo akatokea kwenye ua. Hakupitia mlangoni, alipita mwanya wa kuku, ameinama, na lile shati jipya likanaswa na manyara. Watu wa Makueni walikuwa wamerudisha neno kwamba hawataendelea. Soko zima lilishajua.

"Uliwaambia nini?" akasema.

Niliendelea kutwanga.

"Nimeambiwa walikunywa chai hapa! Uliwaambia nini juu ya mtoto wangu?"

"Juu ya mtoto wako sikusema neno, shemeji."

Na hilo lilikuwa kweli. Akanikaribia. Nyuma yake, ng'ambo ya ua, Syombua na majirani wawili walikuwa wamesimama.

"Apa," akasema. "Apa mbele ya hawa watu kwamba hukuniharibia."

Nikauweka mchi chini. Nikapangusa mikono yangu kwenye kanga, kidole kimoja kimoja. Nilikuwa nimeingoja saa hiyo tangu Februari na sikutaka ipite haraka.

"Sisi hatuapi, shemeji," nikasema. "Wewe wajua."

Nilimwona akielewa. Ilianza machoni, ikashuka mpaka mabegani, na yule mtu wa kicheko kizuri akasimama uani kwangu akiwa mzee. Aligeuka, na safari hii alizunguka njia ndefu, kupitia mlangoni. Kama Mungu ataniuliza siku ya mwisho kama ninajutia uso wa Kilonzo mchana ule, nitamwambia hapana, na atajua sidanganyi.

Lakini Yoeli alirudi jioni akiwa ameshasikia njiani. Hakunigombeza. Aliniuliza walichouliza na nilichojibu, nami nikamweleza, hata birika nikamweleza.

"Kilonzo amekukosea," akasema. "Mwende amekukosea nini?"

"Alituletea zile ndengu."

"Alitumwa."

Nikakasirika. Nikamwambia kama yeye angegusa kitabu mimi nisingegusa birika. Alitikisa kichwa, si kwa kukataa, kama mtu anayekubali sehemu yake, akaenda kumfunga punda.

Mara mbili kwa mwaka, baada ya meza ya Bwana, kanisa letu huoshana miguu, wanaume upande wao, wanawake upande wetu. Mtu unaoshwa na aliyekaa karibu nawe, kisha unamwosha. Mwezi wa kumi siku hiyo ilipofika nilikaa mwisho wa benchi, karibu na dirisha. Mwende akaingia amechelewa. Benchi zilikuwa na nafasi kwingine, lakini alikuja akakaa kando yangu. Alikuwa amekonda. Karai lilipotufikia alipiga magoti kabla yangu, akafunga taulo kiunoni, akashika mguu wangu wa kulia. Mikono yake ilikuwa na joto kuliko maji. Aliosha kisigino, akaosha katikati ya vidole, polepole, bila kuruka mahali, kama nilivyokuwa nikisuka nywele zake. Nilitazama karai. Lilikuwa la bluu, limebanduka rangi upande mmoja, na nakumbuka umbo la pale palipobanduka kuliko ninavyokumbuka harusi yangu. Nikawaza: hajui. Masikini, hajui. Kisha zamu yangu ikafika, nikapiga magoti nikamwosha, na miguu yake ilikuwa na nyufa za kutembea, na nilimaliza upesi.

Mwezi wa kumi na mbili wakamwoza Tseikuru, mbali kule kaskazini, kwa mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa na mke tayari na ndevu zenye mvi. Kilonzo hakutaka aibu ikae nyumbani. Mwende alikuja kuniaga. Nilimpa kiondo nilichosuka mwenyewe, akakipokea kwa mikono yote miwili, akasema, "Asante, mama mdogo." Shamba halikurudi. Tulilima ile changarawe, tukaichimba fanya juu nayo, na baada ya miaka ikaanza kutulisha. Nilizaa wengine watatu. Yoeli aliendelea kumsalimia kaka yake mpaka wakazeeka. Mimi pia. Kilonzo hakucheka tena nikiwa karibu, na hilo nilikuwa nikilifurahia kwa siri, kama mtu mwenye sukari mfukoni.

Mwende alikuja kumzika baba yake. Nilimwona baada ya watu kupungua, mama wa watu sasa, kitambaa kimefungwa nyuma kama wanavyofunga kule kwao, ngozi imekaushwa na jua la malishoni. Akaja akakaa kwenye benchi letu. Tukaulizana watoto. Nikamtazama, na kitu ambacho sikuwa nimekipanga kikanitoka.

"Mwende, wale watu wa Makueni walikuja kwangu."

"Najua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Wiki ile ile. Mwalimu aliniandikia. Alinieleza yote shangazi yake aliyomwambia, mpaka chai."

Nilihesabu miezi kichwani. Nilipofika Oktoba nikahisi baridi miguuni, mchana ule wa jua.

"Basi siku ile kanisani ulijua. Kwa nini ulikuja kukaa karibu nami?"

Alifikiri. Hakuwa na hasira. Labda ingekuwa nafuu angekuwa nayo.

"Nilitaka uniangalie," akasema. "Nikasema nitamwosha taratibu mpaka aniangalie. Baba alipotuambia tupande pale mtaro wa tatu nilikataa, akanipiga kwa kamba ya ng'ombe. Nilitaka kukuambia siku nilipoleta ndengu, lakini hukunijibu. Nikasema kanisani ataniangalia, nitamwambia. Hukuniangalia."

Sikuweza kusema pole. Ilikuwa ndogo mno, ingeonekana kama matusi. Nikamwuliza kama naweza kuja kumtembelea kwake siku moja, nione wajukuu. Akasimama, akakung'uta vumbi kwenye nguo yake.

"Njoo, Mama Danieli," akasema. "Lakini uje kama mgeni."

Tangu niolewe hakuwahi kuniita hivyo. Nilibaki na jina hilo kwenye benchi, la watu wote, la sokoni.

Nilikwenda kwa Mwende mwezi uliopita. Ni safari ya siku nzima, mpaka Mwingi, kisha Kyuso, kisha mbele zaidi, barabara ikizidi kuwa nyekundu. Nilifika alasiri, nikasimama nje ya boma la miiba nikapiga hodi. Mke wa mwanawe akatoka, akanitazama, akaniuliza aseme ni nani. Nikamwambia aseme ni mgeni kutoka Zombe. Akaingia. Nikamsikia akimwambia mtu ndani, na yule mtu akauliza kitu. Baada ya muda akarudi na kiti kimoja, kizuri, cha mbao, akakiweka nje, upande wangu wa miiba, akaniambia nikae, mama anakamua mbuzi. Nikakaa. Mbuzi walikuwa wengi. Niliwasikia wakilia mmoja mmoja, na maziwa yakigonga chombo, na Mwende hakuharakisha, wala mimi sikumwita.